Sauti ya Mhandisi Aliyekufa

Foleni ya benki ilikuwa imegoma kusogea. Watu walisimama wamebanana, na feni ya darini ilizunguka kwa kujivuta kama iliyolazimishwa kuja kazini. Katikati ya foleni alisimama dada mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri mabegani, mkoba kwapani, na uso wa mtu aliyeishiwa na uvumilivu.

"Kaka," akamwita mlinzi, "dirisha lile lina mtu, au mmebandika picha ya mtu?"

Watu wakacheka. Nyuma yake sauti ya kiume ikasema kwa upole, "Nahodha, tafadhali usiwafyatulie mionzi. Wana watoto nyumbani."

Dada akageuka. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, na visikizio vinaning'inia shingoni.

"Umenijuaje?"

"Kwa sauti. Wewe ndiye Nahodha wa chombo cha anga. Jana usiku ulimfukuza msaidizi wako, nikasema huyu mwanamke hana huruma."

"Alistahili."

"Alikuwa anakupenda."

"Ndiyo maana nikamfukuza."

Kweli, sauti ile ya Nahodha ilikuwa yake. Kazi yake ilikuwa kutia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za nje, na ile ya anga ndiyo iliyompa jina. Kazini wote walimwita Nahodha, hata mama wa usafi. Watu wachache waliwahi kumtambua akiwa kimya, lakini akifungua mdomo dukani, vichwa viligeuka.

Kijana aliona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amesimama mwisho wa foleni, akamwita, akampa nafasi yake, naye akaenda kusimama kule nyuma. Nahodha aliliona hilo. Alitoka benki akiwa amelibeba moyoni kuliko hata yale maneno ya mizaha.

Wiki iliyofuata alifika studio akamkuta kijana yuleyule amekaa mbele ya mitambo.

"Karibu chomboni, Nahodha," akasema. "Mimi ndiye fundi sauti mpya."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Nilikuwa benki kufungua akaunti ya mshahara. Ningekuambia, ungedhani najipendekeza."

"Na sasa?"

"Sasa najipendekeza."

Basi, mapenzi yao yakaanzia hapo, pande mbili za kioo kimoja. Nahodha akiwa ndani ya kibanda cha sauti, Fundi akiwa nje kwenye mitambo, wakisemezana kwenye visikizio maneno ambayo mwongozaji hakuyasikia. Fundi alijua kwamba maji baridi yanamkaba koo, kwa hiyo kila asubuhi kulikuwa na chupa ya maji ya uvuguvugu juu ya meza ya kibandani. Hakuwahi kuitaja. Ilikuwepo tu.

Jioni Fundi alipiga simu.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika, kipenzi. Shangazi yupo hapa anatega sikio."

"Mwambie Shangazi namsalimia."

"Anasema hasalimiwi na mtu asiyejulikana kwao."

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa kweli ametega sikio. Nyumba hiyo ilikuwa na wanawake watatu: Nahodha, mama yake, na Shangazi, ambaye alihamia mwaka ule waliompoteza kaka yake Nahodha na hakuondoka tena. Ni nyumba iliyozoea kufunga mlango mara mbili. Mtu akibisha, hakuna aliyesema karibu kabla ya kuuliza wewe ni nani.

Habari ya kaka ilikuwa hivi. Alikuwa mpiga picha za harusi. Alfajiri moja, akirudi kutoka kazini, watu wasiojulikana walimpiga wakamnyang'anya kamera. Alikutwa kwenye benchi la geti la hospitali, ameshakata roho, amefunikwa koti ambalo halikuwa lake. Mlinzi alisikia honi ya gari ikipigwa mfululizo, na alipotoka gari lilikuwa limeondoka. Baada ya mazishi simu ya nyumbani ililia. Nahodha, wakati ule bado anavaa sare ya shule, ndiye aliyeipokea. Sauti nzito ya mwanaume ikasema, "Pole mama. Poole sana. Kaka yako hakuwa peke yake." Kisha ikakatika.

Askari walisema aliyepiga ndiye aliyeua, maana amejuaje namba? Na koti? Wakasema la kuficha damu. Mama aliuliza mara moja tu, "Muuaji gani anamfunika mtu baridi?" Shangazi akamwambia anyamaze, asiwatetee wanyama. Mama hakuuliza tena. Kesi haikupata mwenyewe, faili likapotelea huko mafaili yanakopotelea.

Lakini ile sauti haikupotea. Nahodha alizijua sauti kama wengine wanavyojua sura. Miaka yote hiyo, kwenye basi, sokoni, msibani, aliisikiliza kila sauti nzito ya mwanaume, akaipima, akaiacha ipite.

Sasa ikafika sehemu mpya ya tamthilia. Ndani ya chombo cha anga, Nahodha anaanza kumwona mhandisi aliyeuawa zamani. Anamwona mwisho wa ujia, anamwona nyuma yake kwenye kioo, akiwa na mavazi ya kazi na uso mweupe kama majivu. Aliyemuua hakujulikana kamwe, na chombo kipo katikati ya giza, hakuna pa kukimbilia. Kila aliyemo anamtazama mwenzake. Daktari anasema ni hewa mbovu. Mpishi anasema ni mzimu. Nahodha anaanza kulala na silaha chini ya mto.

"Nzuri hii," Fundi alisema walipoitazama mara ya kwanza. "Nani kamuua, unadhani?"

"Yule anayempelekea Nahodha chakula."

"Kwa nini? Ndiye mwema kuliko wote."

"Ndiyo sababu."

Fundi akacheka. "Kumbe na mimi na chupa zangu za maji nimo hatarini."

Asubuhi ya kurekodi, mtu wa kutia sauti ya mhandisi aliamka hana sauti kabisa. Mwongozaji, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, hakutaka kupoteza siku.

"Fundi, ingia wewe umshikie. Leo tu, Nahodha apate mtu wa kujibizana naye. Kesho mwenyewe atarekodi upya."

"Mimi? Nina sauti ya mwanafunzi."

"Si una mitambo? Ishushe iwe ya maiti."

Fundi akaweka maikrofoni mezani kwake, akageuza vitufe, akaishusha sauti yake taratibu mpaka ikawa nzito, ya mtu mzima, ikitoka chini kabisa. Nahodha alikuwa kibandani, visikizio masikioni, macho kwenye skrini. Mhandisi aliyekufa alisimama mbele yake, akafungua mdomo.

"Nahodha," ikasema sauti ya Fundi. "Usiogope."

Hapo maneno ya Kiswahili yakaisha, lakini mdomo wa mhandisi kwenye picha bado ulikuwa unatikisika. Hilo hutokea sana. Watu wa kazi hiyo wana kawaida ya kujaza mdomo: unatia maneno yoyote yanayofaa mpaka mdomo ufungwe. Fundi akajaza.

"Pole mama," akasema. "Poole sana."

Nahodha aliitambua sauti. Ile "pole" ya pili iliyovutwa. Ule mwisho uliokwaruza kidogo kama mlango usiotiwa mafuta. Hakuwa na shaka hata punje.

"Nahodha! Jibu!" mwongozaji akaita. "Zamu yako, dada!"

Alivua visikizio, akasema tumbo linamuuma, akatoka. Njiani alitapika kando ya ukuta. Mama wa usafi alimshika mgongo, akamfuta uso kwa kitambaa chake mwenyewe.

Nyumbani alimweleza Shangazi peke yake. Mama hakuambiwa.

"Nilijua," Shangazi akasema, mikono kiunoni. "Mwanaume mpole kupita kiasi ana lake jambo."

"Shangazi, wakati ule alikuwa mtoto kama mimi. Haiwezi kuwa yeye."

"Basi ni wa kwao. Sauti hurithiwa kama pua. Baba yake nani?"

"Alishafariki. Sijui zaidi."

"Hujui! Unataka kuolewa na mtu hujui baba yake alikuwa nani. Umeona hata picha?"

Hakuwahi kuona. Na mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinamsaidia. Alikumbuka kwamba Fundi hakupenda kumzungumzia baba yake. Alikumbuka kwamba siku ile benki alimjua kabla hajageuka. Alimtambua kwa sauti, au alimfuata? Hata zile chupa za maji zikaanza kumtia baridi.

Usiku huo simu ikaita.

"Mpenzi, tumbo vipi?"

"Afadhali."

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Mtandao. Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mbona leo?"

"Nauliza tu."

"Dereva. Gari la mkate. Alikuwa anasambaza madukani alfajiri."

Alfajiri. Gari. Nahodha aliibana simu mpaka vidole vikauma. "Usiku mwema," akasema, akakata.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama mgeni. Alijibu kwa neno moja, alikunywa maji ya bombani, alipita mlango wa nyuma. Fundi alimtazama kupitia kioo kama mtu anayetafuta alipokosea.

"Kuna mtu mwingine?" alimuuliza kwenye ngazi.

"Hakuna."

"Basi nimefanya nini? Niambie, nijue."

"Kwani kuna ulichofanya?"

"Ee Mungu wangu. Hili nalo ni jibu?"

Kisha likatokea lile lililommaliza. Mchana mmoja wenzake walikuwa wamekwenda kula, naye alirudi kuchukua mwavuli. Akamwona Fundi amekaa peke yake kwenye mitambo, kichwa kimeinama, visikizio masikioni. Alikuwa anasikiliza kitu, anakirudisha, anakisikiliza tena. Kwenye skrini alikuwapo mhandisi aliyekufa. Fundi akachomeka flashi, akanakili, kisha akabonyeza, na ile rekodi ikafutika kwenye kompyuta. Akaitia flashi mfukoni.

"Unafuta nini?"

Fundi aliruka kama aliyemwagiwa maji. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hakuna. Ile ya kushikilia. Mwenyewe ameshapona, haihitajiki."

"Kama haihitajiki, flashi ya nini?"

"Ni jambo langu."

"Ni langu pia!" Na yote yakamtoka kwa pamoja: simu, koti, honi, kaka. "Hiyo sauti niliisikia nikiwa mtoto, wiki tuliyomzika kaka yangu. Si ya mitambo. Ina mwenyewe. Na wewe unamjua, na unamficha!"

Fundi akainuka.

"Unasema baba yangu ni muuaji."

"Nasema nilichosikia."

"Umekaa na hili siku zote hizi. Unanitazama kila asubuhi, unanihesabia makosa."

"Ungefanyaje wewe?"

"Ningekuuliza," akasema. Akachukua koti lake kitini. "Unataka kujua nilikuwa nafanya nini? Nilimsikia baba. Nilipoishusha sauti, akatoka baba yangu ambaye sijamsikia tangu tumzike. Nilikuwa nampelekea mama akamsikie. Nikaifuta kwa sababu sikutaka watu waicheze hapa wakicheka. Hilo ndilo jambo langu."

Akaondoka. Siku ya pili hakuja kazini, wala ya tatu. Mwongozaji akasema ameomba ruhusa. Juu ya meza ya kibandani hapakuwa na chupa.

Shangazi akasema, "Kakimbia. Si nilikuambia?" Lakini Nahodha hakupata nafuu aliyoitarajia. Alirekodi sehemu iliyobaki na yule mtu mwenye sauti iliyopona. Mwisho wake ulikuwa hivi: mhandisi hakuwa mzimu. Kuta za chombo zilikuwa zimehifadhi sura na sauti yake ya dakika za mwisho, na mitambo ilipochakaa zikaanza kuvuja. Aliyemuua hakujulikana. Ila Nahodha aligundua kwamba siku zote marehemu alikuwa akitazama upande mmoja, kwa mtu aliyekaa naye akimfariji, mtu ambaye picha haikumwonyesha.

"Hawakumwonyesha kwa nini?" aliuliza akivua visikizio.

"Labda pesa ziliisha," mwongozaji akasema. "Twende, sehemu inayofuata."

Jumamosi asubuhi mlango ukabishwa. Shangazi akauliza wewe ni nani, na sauti ya mama mtu mzima ikajibu, "Ni mama yake Fundi, mwanangu. Nimekuja mwenyewe. Yeye nimemwacha ngazini, amesema haingii mpaka aitwe."

Aliingia mama mwembamba wa gauni la buluu na mtandio mweusi, akihema kwa ngazi. Shangazi hakumpa kiti. Mama yake Nahodha, ambaye hakujua lolote, akainuka akampa cha kwake.

"Nisikilizeni mpaka mwisho," mgeni akasema, "halafu mnifukuze. Mume wangu alirudi nyumbani alfajiri moja bila koti, na shati lina damu. Nikapiga kelele. Akaniambia amemkuta kijana barabarani, anahema kwa shida. Akampakia kwenye gari, katikati ya mikate. Aliendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine amemshika. Kijana alikuwa anaongea. Akamtajia namba ya nyumbani, na mume wangu akaikariri njia nzima. Hawajafika hospitali, kijana akanyamaza."

Mama yake Nahodha alikuwa ameketi sakafuni. Hakuna aliyemwona akiketi.

"Kwa nini hakubaki?" Shangazi akauliza kwa ukali. "Mtu mwema anakimbia?"

"Aliogopa. Aliwahi kuwekwa ndani kwa ajali ya dereva mwingine, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alisema, dereva maskini, shati lina damu, maiti garini, nani ataniamini? Nami nilimkataza asiende. Nilikuwa na mtoto mdogo. Nilaumuni mimi."

"Maneno haya hata muuaji angeyatunga," Shangazi akasema.

Mgeni hakukasirika. Akamtazama Nahodha. "Alitaka kufikisha ujumbe. Alipopiga simu akasikia sauti ya mtoto, ulimi ukamshinda, akakata. Lakini aliniambia, na ulimkaa rohoni mpaka anakufa. Kijana alisema: mwambie Kidoti viatu vyake vya shule viko kwa fundi viatu wa karibu na posta, akavichukue."

Nahodha akashika kidevu chake. Pale chini ya mdomo ana kidoti cheusi kidogo. Ni mtu mmoja tu duniani aliyemwita hivyo, tena wakiwa wawili, kwa sababu mbele za watu alikuwa analia akiitwa. Hata Shangazi hakulijua jina hilo. Na viatu vile vilitafutwa nyumba nzima, mpaka wakakubaliana kwamba vimeibwa pamoja na kamera. Alimaliza muhula na viatu vya kuazima.

Hakuna mtu anayemwambia muuaji wake habari za viatu vya mdogo wake.

"Alishikwa mkono?" mama yake Nahodha akauliza kutoka sakafuni. "Mwanangu alishikwa mkono?"

"Njia nzima, dada."

Mama akajikokota hadi kwenye miguu ya mgeni, akamkumbatia magoti. Wale wanawake wawili wakalia bila sauti. Shangazi alisimama akiwatazama. Mwisho akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji, akampa mgeni kwa mikono miwili.

Nahodha akatoka. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi, hajanyoa, shati halikupigwa pasi.

"Amemaliza?" akauliza bila kugeuka.

"Amemaliza." Akakaa ngazi ya chini yake. "Nisamehe."

"Sikukasirika kwa sababu ulishuku. Mtu aliyepoteza ndugu lazima ashuku. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umeshanihukumu, halafu unasema usiku mwema."

"Najua."

"Na mimi siwezi kukuambia nani alimuua. Baba hakumwona. Hutajua."

"Hilo nalo najua." Akafuta pua kwa mkono wa blauzi, kama mtoto. "Mama atataka kumsikia baba yako. Bado unayo?"

Fundi akaitoa flashi mfukoni, akaitazama kiganjani. "Lakini ni mimi tu, Nahodha. Ni mimi na vitufe."

"Mwache aisikie. Atajua mwenyewe ni nani."

Chini mtu alikuwa anapandisha mtungi wa gesi, anausukuma ngazi kwa ngazi na kutukana kila moja. Fundi akataka kuinuka kumsaidia, Nahodha akamshika shati.

"Nijibu kwanza. Ukinioa, utakuwa umeoa mtu anayefunga mlango mara mbili."

"Nani kasema nakuoa?"

"Mama yako yuko sebuleni kwetu na glasi ya Shangazi mkononi. Unadhani ataondoka bila kutaja posa?"

Kwa mara ya kwanza siku hizo, Fundi akatabasamu, ingawa kidogo, na kwa shida. "Na utanishuku tena?"

"Nitakushuku," akasema. "Sitakudanganya. Ila nitakuuliza siku hiyohiyo."

Fundi akafikiri kitambo, kama mtu anayesikiliza rekodi akitafuta kasoro. Kisha akatelemka ngazi moja, akakaa sawa naye.

"Haya," akasema. "Anza leo. Uliza lolote."

Naye akauliza. Aliuliza mpaka mtu wa mtungi akafika juu, akawapita, akawasalimu, na wao hawakumsikia.